9 kati ya 30: Barua kwa Binti wa Kaka

Songea,
14 Januari

Mwanangu uliyebeba jina la mama yangu,

Ujumbe wako niliusoma saa tano usiku, taa nimeshazima. "Shangazi, tesiti ya mekanika nimepata 9 kati ya 30. Naomba usimwambie baba." Niliusoma mara tatu. Nilitaka kukupigia papo hapo, ila nilijua ungelia, nami ningelia, tungekata simu bila kuambiana la maana. Ndiyo maana leo nimekaa mezani kukuandikia. Maneno ya simu huondoka na upepo. Haya utayasoma tena siku nyingine ukiwa umetulia.

Huku hatujambo. Mvua imekuja kwa wakati, mahindi yamefika magotini. Binamu zako wanakusalimu, na yule wa mwisho anauliza kila siku kama umeshaiona bahari na kama kweli maji yake ni ya chumvi. Ukipata nafasi mjibu mwenyewe, mimi haniamini.

Sasa nije kwenye neno lenyewe. Hiyo 9 haikunitisha. Kilichoninyima usingizi ni yale maneno mawili ya mwisho, usimwambie baba. Nayajua maneno hayo kwa sababu niliwahi kuyabeba mimi, na yaligharimu zaidi ya alama zozote nilizowahi kukosa.

Niliingia Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, hapo Mlimani, mwaka 2003. Baba yako ndiye aliyenisindikiza stendi ya Mafinga alfajiri, baridi imekaza, sanduku langu la bati kalibeba begani. Nilitoka na PCM yangu nzuri, na mtaa mzima ulishajua kwamba binti wa fulani anakwenda kusomea uinjinia. Ukishaagwa namna ile, unapanda basi ukiwa umebeba watu wengi kuliko mizigo. Wiki ya saba ikaja tesiti ya kwanza ya mekanika. Nilipata 7 kati ya 30.

Karatasi ile niliikunja mara nne nikaificha chini ya nguo, ndani ya sanduku lile lile alilolibeba baba yako. Nikaenda kibanda cha simu, nikampigia, nikamwambia naendelea vizuri. Akafurahi sana. Tangu siku hiyo nilianza kuishi maisha mawili, na ngoja nikueleze yalivyo, maana pengine nawe umeshayaanza bila kujua. Nilihama viti vya mbele ukumbini nikaenda kukaa nyuma, mhadhiri asinione. Vipindi vya mazoezi, vile ambavyo watu wachache hukaa na kuuliza, niliviacha kabisa, kwa sababu mtu akiuliza ataonekana hajui. Kazi za kukusanya nilidesa kwa wenzangu usiku, nikazinakili kwa mwandiko safi, nikapata alama zote. Kwa wiki tano nilikuwa mwanafunzi mzuri kwenye daftari na sikujua kitu. Kosa la kwanza lilikuwa dogo, la mtu ambaye hajaelewa somo. Kulificha ndiko kulikokaribia kunifukuzisha chuo.

Uhandisi ulianza kufundishwa Mlimani mwaka 1973. Hebu fikiria ni vijana wangapi wameshapita katika madarasa hayo tangu hapo, ambao leo barabara zao tunazipita na umeme wao tunauwasha. Siamini hata kidogo kwamba kuna mwaka uliopita bila kundi zima kutoka kwenye tesiti ya kwanza ya mekanika na sura kama yako. Kuna sababu yake, na sababu hiyo si kwamba mlidanganywa huko sekondari kuwa mna akili.

Wewe umekulia Mafinga, kwenye msitu wa Sao Hill na viwanda vya mbao, kwa hiyo nitakueleza kwa mbao. Kidato cha tano na cha sita ulipewa ubao uliokwisha kupasuliwa na kupigwa randa. Swali lilikuja na namba zake zote, likafanana na la mwaka juzi, kazi yako ilikuwa kupima na kukata. Ulikuwa hodari wa kupima na kukata, ndiyo maana ulifaulu. Mekanika ya mwaka wa kwanza inakutupia gogo. Lina gome, lina fundo, limepinda. Hakuna anayekuambia ubao uko wapi humo ndani. Wewe ukafika na rula yako na penseli sikioni, ukaanza kupima gome. Hiyo ndiyo 9.

Mimi nilisaidiwa na kijana mmoja wa Kigoma aliyepata 5. Yeye hakuficha. Aliibandika karatasi yake ukutani juu ya kitanda, akaja kuniuliza kama namjua mtu yeyote aliyeelewa swali la pili. Nikamwambia nami sikulielewa. Lilikuwa neno langu la kwanza la kweli kwa wiki tano. Tukaenda wote kwa mhadhiri, mtu tuliyekuwa tukimwogopa kwa ukali wake, miguu ikitutetemeka.

Hakutugombeza. Alizigeuza karatasi zetu upande usio na maandishi, akachora ngazi iliyoegemea ukuta. Akasema, iondoe hiyo ngazi pale ilipo, ichore peke yake. Nikachora mstari ulioinama, basi. Akauliza, ilikuwa inaguswa na nini? Ukuta. Sakafu. Mtu aliyepanda. Akasema maneno ambayo nimeyatumia tangu siku ile hadi leo: kila ulichokiondoa kiache mshale wake. Ukuta unaisukuma ngazi, weka mshale. Uzito wa mtu unaivuta chini, weka mshale. Sakafu inaisukuma juu, weka. Nikanyamaza, nikidhani nimemaliza. Akauliza, kwa nini haitelezi? Hapo ndipo nilipoona. Sakafu inaishika pia isiteleze, na mshale huo sikuuweka kwenye tesiti. Mshale mmoja tu, na hesabu yangu ya kurasa mbili ilikuwa kazi bure tangu mstari wa kwanza.

Akatutuma tukachore picha 20 za namna ile na akatukataza kukokotoa chochote. Tulikaa kwenye vimbweta siku mbili tukichora: mlango kwenye bawaba zake, toroli lenye mchanga, tawi alilokalia ndege, kondakta wa daladala aliyening'inia mlangoni. Picha tupu na mishale. Tesiti ya pili nilipata 19. Muhula nikaumaliza na C, na C ile naiheshimu kuliko A nyingi nilizozipata baadaye, kwa kuwa kila alama yake naweza kuielezea ilikotoka.

Kwa hiyo leo, kabla hujafungua kitabu, chora picha 20. Usishike kikokotoo. Na uanze na vitu vya nyumbani. Unakumbuka mlivyokuwa mkibeba gunia kwa mpiko, wewe na kaka yako? Yeye alikuwa akilisogeza gunia upande wake ili usiumie. Hakuwa amesoma mekanika, lakini alikuwa akiifanya. Chukua mpiko wa mita 3, gunia la kilo 60 limening'inia mita 1 kutoka kwa aliye mbele. Wa mbele anabeba 40, wa nyuma anabeba 20. Usikubali nikuambie hivyo, hakikisha mwenyewe: zungusha mpiko mzima kwenye bega la wa mbele, uone gunia linavyotaka kuuinamisha na bega la wa nyuma linavyokataa. Ukishaliona hilo kwa macho ya akili, boriti zote za muhula huu umezishika, ziwe za mbao, za chuma au za zege.

Chora pia kenchi za paa. Ulikuwa na miaka minane ulipokuwa ukimpelekea baba yako misumari juu ya ukuta, shangazi wa watu nikiwa chini roho mkononi. Kenchi unazijua kuliko nusu ya darasa lako. Kitabu kitakuonyesha pembetatu yenye herufi kwenye kila kona na kukuuliza ni kiungo kipi kinavutwa na kipi kinakandamizwa. Ukiona herufi hizo tu utaogopa. Weka mabati juu yake, weka mvua ya Mafinga juu ya mabati. Mbao mbili za mteremko zinalemewa, zinakandamizwa kutoka juu kwenda kwenye kuta, na miguu yake inataka kutanuka kwenda nje. Ubao wa chini je? Huo nakuachia. Nitaurudia mwishoni.

Kuhusu lugha nitasema neno moja, kwa kuwa najua inakusumbua na unaona haya kusema. Mhadhiri anazungumza Kiingereza kwa kasi, wewe bado unatafsiri sentensi ya kwanza, yeye yuko kwenye ya nne. Mimi nilikuwa nikilieleza kila swali kwa Kiswahili kwanza, kwa sauti, kama ninayemweleza mama sokoni. Kitu gani kimesimama juu ya nini, kinasukumwa na nani, kikianguka kitaangukia wapi. Nikishindwa kulisema kwa Kiswahili nilijua sijalielewa, na Kiingereza kilikuwa kinanisaidia kujificha tu. Nikiweza, kuliandika kwa Kiingereza kulikuwa kazi ya dakika chache. Nakuomba ufanye hivyo hata kama wenzako watakushangaa.

Umeniambia pia kuhusu zile programu za simu, unapiga picha swali na jibu linakuja na hatua zote. Zitumie baada ya kuchora picha yako na kukwama, si kabla. Ukizitumia kabla, unadesa, hata kama aliyekuandikia si mwenzako wa chumba cha pili. Jibu litakuwa sahihi, mhadhiri ataweka tiki, na wewe utaingia chumba cha mtihani ukiwa mtupu kama mimi nilivyokaribia kuingia.

Karakana. Hapa nina uchungu, unisamehe nikirefusha. Siku ya kwanza ya karakana tulikuwa wasichana wawili kwenye kundi la watu wanane. Kabla hatujagusa jiliwa, kijana mmoja akanipa daftari. "Wewe una mwandiko mzuri, andika vipimo." Alisema kwa upole, wala hakuwa na nia mbaya, nami nikaona nimeheshimiwa. Wiki tatu nilisimama pembeni nikiandika, wenzangu wakishika tupa, wakikata chuma kwa msumeno, wakijifunza kusikiliza keekee inavyobadili mlio inapokaribia kutoboa. Nilikuwa na kumbukumbu nzuri ya kazi ambayo sikuifanya. Wiki ya nne mwalimu wa karakana, fundi mzee, akanikabidhi kipande cha chuma na tupa, akaniambia nikifanye kiwe na pembe mraba. Nilitia tupa kama ninayekata mkate. Kipande kikatoka mgongo wa kobe. Wote wakakitazama. Siku ile niliona aibu, lakini nilirudi na daftari nikampa yule kijana, nikamwambia leo zamu yako.

Watakupa daftari, mwanangu. Watakupa kwa tabasamu. Liandike siku moja, siku ya pili lizungushe. Mikono yako iungue kidogo na cheche za kulehemu, ipate malengelenge ya tupa. Mwisho wa mwaka mtakwenda mafunzo kwa vitendo, na huko mafundi hawaulizi GPA. Wanakutazama unavyoshika spana.

Mambo mengine nayataja upesi. Bumu la mkopo likiingia, siku hiyo hiyo ligawe kwa wiki zilizobaki hadi lingine, na fungu la chakula usilikopeshe mtu, hata rafiki. Nilipoingia chuo mimi Bodi ya Mikopo ilikuwa haijaanza, lakini njaa ya mwisho wa muhula ilikuwa hiyo hiyo, na hesabu haiingii tumbo likiwa tupu. Lala. Wanaokesha usiku wa kuamkia tesiti na kujisifu asubuhi wanasoma mstari mmoja mara kumi. Sweta ulilobeba kutoka Mafinga liweke chini ya sanduku, joto la Dar litapungua kidogo Juni. Lala kwenye neti. Na masomo unayoyaona ya kujazia, stadi za maendeleo na stadi za mawasiliano, yape heshima yake. Nusu ya kazi yangu leo ni kuandika taarifa ambayo diwani ataisoma na kuelewa kwa nini mradi wake unahitaji bomba nene zaidi.

Nimesema bomba. Kuna jambo sijawahi kukusimulia, na baba yako analijua juu juu tu.

Mwaka wangu wa pili kazini nilipewa kusanifu mradi mdogo wa maji ya mserereko. Chemchemi iko mlimani, tangi chini yake, bomba linashuka hadi kijijini, vituo vya kuchotea sita. Kutoka tangi hadi kituo cha chini kabisa kimo kilikuwa mita 84. Nilipiga hesabu zangu vizuri. Maji yakitembea ndani ya bomba yanasuguana na kuta zake na kupoteza nguvu njiani, kwa hiyo nilikuta kwamba kule chini, watu wakiwa wanachota, mgandamizo uliobaki ni kama wa mita 45. Nikachagua mabomba yanayohimili mita 60, ambazo ni takriban baa 6. Bei nafuu, akiba ya kutosha, nikapiga mstari chini ya jibu.

Tulifungua maji, kijiji kikaimba. Usiku wa tatu bomba likapasuka karibu na shule. Tukaziba. Usiku uliofuata likapasuka mahali pengine. Mchana halikupasuka hata mara moja. Nilizunguka na daftari langu nikirudia hesabu, kila mara zinatoka sahihi. Mzee mmoja, fundi bomba asiyekuwa na cheti cha aina yoyote, aliniacha nihangaike siku nzima, kisha akanivuta kando ili asinivunjie heshima mbele ya vijana. Akasema, "Mhandisi, maji yakitembea yanachoka. Yakisimama ndiyo yana nguvu."

Usiku watu wamelala. Koki zote zimefungwa. Maji hayatembei, hayasuguani na kitu, na mita zote 84 zinasimama juu ya bomba langu la mita 60. Nilichora picha ya maji yanayotembea tu. Sikuyachora yaliyosimama. Mshale mmoja, tena.

Asubuhi kabla ya kwenda ofisini, mwenzangu mmoja aliniambia kwa huruma kwamba tuseme mabomba ni mabovu, kiwanda kilikosea, mambo yaishe. Sikatai kwamba nililifikiria. Lakini tukisema mabomba ni mabovu, tutaagiza mengine ya aina ile ile, tutayafukia kwenye mtaro ule ule, na usiku yatapasuka yale yale. Kosa lililopewa jina la uongo halina dawa, kwa kuwa dawa itapelekwa pasipouma. Nikaingia kwa mkuu wangu, nikaweka hesabu mezani, nikasema kosa ni langu na liko hapa. Alikaa kimya kwa muda mrefu. Kisha akauliza swali moja tu: tunalirekebishaje?

Tulijenga tangi dogo la kupunguza mgandamizo mita 40 chini ya tangi kuu, lenye koki ya boya. Maji yakifika pale yanapumua, nguvu yote yaliyoikusanya inaishia hapo, yanaanza upya. Juu zikabaki mita 40, chini mita 44, na bomba likatulia. Kazi ilichukua wiki tatu. Wiki hizo tatu akina mama walirudi chemchemini na ndoo. Siku moja nilikutana na bibi wa umri wa mama yangu, yeye anapanda na ndoo tupu, mimi nashuka na gari la ofisi. Alinisalimu tu. "Habari za kazi, mwanangu." Sauti ile ninayo hadi leo.

Mradi ule bado unatoa maji. Nilipita mwaka jana.

Nakusimulia haya ujue kwamba kukosea hakuishii mwaka wa kwanza. Tofauti ni bei. Ijumaa Kuu ya mwaka 2013, Machi 29, jengo refu lililokuwa likijengwa Mtaa wa Indira Gandhi, hapo hapo Dar es Salaam, lilianguka likaua watu 36. Nilikuwa kwenu Mafinga kwa Pasaka. Tulisikia redioni, baba yako akaweka nyundo chini. Hakuuliza nani alijenga. Aliuliza, "Nani alikagua? Na alipoona, alimwambia nani?" Sijapata kusikia swali la kihandisi lililo bora kuliko hilo, na limetoka kwa fundi wa darasa la saba.

Mwaka wa kwanza ndipo mahali pekee ambapo kosa lako ni la bei ya wino mwekundu. Ngazi niliyoisahaulia mshale haikumwangusha mtu. Tesiti ile ni kipande tu cha alama 40 za kazi za muhula, na 60 za mtihani wa mwisho hazijaguswa bado. Mbele una miaka minne ya chuo, na baada ya hapo Bodi ya Usajili wa Wahandisi itakuandika kuwa mhandisi mhitimu, utafanya kazi chini ya macho ya waliokutangulia kwa miaka mitatu hivi kabla hujaruhusiwa kusimama peke yako kama mhandisi mtaalamu. Miaka saba ya kukaguliwa. Wameiweka hivyo kwa sababu wanajua tunakosea. Mtu atakayeumia katika miaka hiyo saba ni yule anayezoea kugeuza karatasi chini mkaguzi akipita.

Kwa hiyo sitamwambia baba yako. Si kwa sababu umeniomba. Ni kwa sababu habari hii si yangu.

Kesho chukua karatasi ile, nenda kwa mhadhiri au kwa msaidizi wake wa vipindi vya mazoezi, mwonyeshe swali ulilolikosa zaidi, umwambie unataka kujua mshale gani hukuuweka. Ukiogopa kwenda peke yako, mtafute mwenzako aliyepata 5. Yupo, nakuhakikishia, na anakutafuta.

Na jioni mpigie baba yako. Saa moja huwa ameshaoga na kukaa. Mwambie mwenyewe, 9 kati ya 30. Atanyamaza kidogo, usiogope kimya chake, ndivyo alivyo. Kisha muulize kwa nini, akiunga ubao wa chini wa kenchi, huwa anapigilia vibao pande zote mbili na misumari mingi kuliko mahali pengine popote. Atakueleza kwa nusu saa. Shika penseli.

Ni mimi,
Shangazi yako